Kosa la Muhuri na Hila ya Mkono: Kuisoma Sarafu kama Ushahidi wa Historia

1. Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kukuta, baina ya makala ya sarufi na ya fasihi, makala yanayohusu sarafu, tena sarafu ndogo za nchi ya mbali. Mshangao huo una haki yake, nasi hatuna budi kuujibu kabla ya kuendelea.

Jioni moja alinijia nyumbani mzee wa mtaa wetu, mstaafu wa migodini. Alikunjua kitambaa, akatoa sarafu nyekundu ya senti moja ya Marekani, yenye sura ya Rais Abraham Lincoln na mwaka 1943. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amemhakikishia kwamba senti za shaba za mwaka huo ni adimu mno, na kwamba moja tu hununua nyumba. Mzee alikuwa ameitoa akiba yake ya miezi mingi ili aipate, akitumaini kumlipia mjukuu wake karo ya masomo. Aliniambia: "Mwanangu, wewe unasoma maandishi ya zamani. Nisomee na hili."

Ombi hilo lilinitia haya, kwa kuwa sikujua kulisoma andiko la namna hiyo. Ikanilazimu kujifunza. Katika kujifunza nikagundua kwamba kazi ya mtu anayepambanua sarafu yenye kosa la kweli na sarafu iliyogeuzwa haitofautiani sana na kazi ya mhakiki wa miswada. Mhakiki naye huuliza: je, neno hili limeharibika kwa sababu mnakili alipitiwa, au kuna mkono wa baadaye uliolifuta na kuandika jingine kwa faida yake?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jambo moja. Kosa huzaliwa pamoja na sarafu, kwa hiyo hufuata kanuni za uzazi wake. Hila huja baada ya kuzaliwa, kwa hiyo, hata ikiwa ya ustadi mkubwa, mahali fulani huzivunja kanuni hizo. Mifano yetu tutaichukua hasa kutoka Marekani, ambako tangu zamani watu wengi wamezoea kuchambua chenji ya mifukoni mwao, na ambako makosa na hila za aina hii yamechunguzwa kwa makini sana.

2. Jinsi sarafu inavyozaliwa

Sarafu hufuliwa kwa kukigonga kisahani kitupu cha madini katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Muhuri mmoja hubeba sura ya upande wa mbele, wa pili sura ya upande wa nyuma. Katika muhuri, maandishi yamechimbwa ndani tena yamegeuzwa kinyume, ili yakigongwa juu ya kisahani yatoke yameinuka na kusomeka sawasawa. Hapo ndipo ilipo kanuni ya kwanza: mkwaruzo ulio katika muhuri hutokea juu ya sarafu ukiwa umeinuka, lakini mkwaruzo uliotiwa juu ya sarafu yenyewe huzama. Mtu akizingatia kanuni hii peke yake, tayari ameepuka nusu ya udanganyifu.

Muhuri nao una mzazi wake, ambao hapa tutauita muhuri mama. Huu una sura iliyoinuka, kama sarafu yenyewe. Hugandamizwa kwa nguvu juu ya kipande cha chuma kilicholainishwa, nacho hupokea sura hiyo kwa ndani. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, mgandamizo mmoja haukutosha. Chuma hugumu kinapogandamizwa. Kwa hiyo kilirudishwa motoni kulainishwa, kisha kikaletwa tena chini ya muhuri mama kwa mgandamizo wa pili, na pengine wa tatu. Ilikuwa lazima kila mara kikae mahali pale pale pa mwanzo. Kikipotoka hata kidogo, mistari ya pili haikuangukia juu ya mistari ya kwanza, na muhuri ukatoka na maandishi maradufu.

Tokeo lake linaeleweka kwa urahisi. Muhuri mmoja hugonga sarafu maelfu kwa maelfu, na kila sarafu inayotoka chini yake hurithi kosa lile lile, kwa umbo lile lile. Wanafilolojia wanaifahamu kanuni hii: nakala zinazoshiriki kosa moja zimetoka katika asili moja. Kosa la muhuri si ajali ya sarafu moja bali ni alama ya ukoo.

3. Kosa la kweli: senti ya 1955

Mfano mashuhuri kuliko yote ulitokea mwaka 1955 katika kiwanda cha kufulia sarafu cha Philadelphia. Muhuri mmoja wa upande wa mbele wa senti ya Lincoln uligandamizwa mara ya pili ukiwa umezunguka kidogo. Matokeo yake, tarakimu za mwaka, neno la uhuru na maneno ya kumtumainia Mungu yote yalitoka maradufu, kiasi kwamba mtu mwenye macho mazima huyaona bila kioo. Upande wa nyuma ulibaki wa kawaida, maana muhuri wake ulikuwa mwingine.

Kosa lilipogunduliwa, sehemu ya sarafu hizo ilikuwa imekwisha kuchanganyika na nyingine nyingi zisizo na dosari, na haikuonekana kuwa na maana kuziteketeza zote kwa ajili ya chache. Inakadiriwa kwamba kati ya 20,000 na 24,000 zilitoka nje. Husimuliwa kwamba nyingi zilifika mikononi mwa watu kwa njia ya sigara. Pakiti katika mashine za kuuzia iligharimu senti 23, mashine ilipokea senti 25, na senti mbili za chenji zilikuwa zimekwisha kutiwa ndani ya karatasi ya nje ya pakiti. Hivyo mvutaji sigara alinunua tumbaku, akapewa hazina bila kujua.

Sarafu hii ilipopata thamani, waghushi hawakuchelewa. Lakini ya kweli ina ushahidi mdogo ambao si rahisi kwa mwigaji kuukumbuka. Upande wa nyuma, karibu na herufi T ya neno linalotaja senti, kuna mikwaruzo myembamba iliyoinuka, iliyoachwa na kazi ya kuung'arisha muhuri. Haina uhusiano wowote na maradufu ya upande wa mbele; ipo tu kwa sababu mihuri hiyo miwili ilifanya kazi pamoja. Mwongo hushughulikia lile linalotazamwa na wote, akasahau lile lisilotazamwa na mtu.

4. Maradufu yasiyo kosa la muhuri

Si kila maradufu hutokana na muhuri uliozaliwa hivyo, na hapa ndipo wanaoanza hujikwaa zaidi. Pengine muhuri ni mzima lakini umelegea katika mashine. Baada ya kugonga, husogea kidogo na kuikwangua sarafu pembeni mwa herufi. Herufi hupata ngazi bapa, kama kitu kilichosukumwa, na sehemu yake ya juu hupungua upana. Katika kosa la muhuri, kinyume chake, herufi hupanuka. Mistari yake miwili ina mviringo na kina cha kawaida, na kwenye pembe za herufi huonekana mpasuko mdogo unaotenga umbo la kwanza na la pili. Kwa maneno mengine, mashine iliyolegea huiondolea herufi, ilhali muhuri wenye kosa huiongezea.

Aina nyingine hutokana na uchakavu. Muhuri uliotumika mno hulegea kingo zake, na herufi hutoka na kivuli. Mwaka ule ule wa 1955 zilitoka senti nyingi ambazo tarakimu 5 ya mwisho ina kivuli cha namna hiyo. Wafanyabiashara waliziuza kwa jina la maradufu ya maskini, yaani kwa mtu asiyeweza kununua zile za kweli. Jina lilikuwa la mzaha, lakini wengi walilichukua kwa uzito.

Senti ya 1969 yenye herufi S, alama ya kiwanda cha San Francisco, inatufundisha kipimo kizuri zaidi. Siku hizo alama ya kiwanda haikuwamo katika muhuri mama. Fundi aliipiga kwa mkono katika kila muhuri, baada ya migandamizo kukamilika. Kwa hiyo, katika kosa la kweli, mwaka na maandishi huwa maradufu lakini S hubaki moja. Ikiwa S nayo ni maradufu kwa namna ile ile, basi tumeona mtikisiko wa mashine, si kosa la muhuri. Anayejua mpangilio wa kazi kiwandani hujua pia kipi chaweza kuathiri kipi. Ndivyo nasi katika lugha tunavyopambanua neno la asili na kiambishi kilichoongezwa baadaye: badiliko lililotokea kabla ya kiambishi kuingia halikukigusa.

5. Sarafu zilizogeuzwa

Tuje sasa kwenye hila. Mwaka 1883 Marekani ilitoa sarafu mpya ya nikeli ya senti 5. Juu yake iliandikwa tarakimu ya Kirumi V, lakini neno la senti halikuwekwa. Ukubwa wake ulikaribia ule wa sarafu ya dhahabu ya dola 5. Wajanja wakaipaka dhahabu na kuitumia madukani. Mwaka huo huo neno lililokosekana likaongezwa. Tunaona hapa kwamba hila hupenda kukaa mahali ambapo andiko limenyamaza.

Hila ya pili ni kubadili tarakimu. Senti ya 1914 iliyofuliwa Denver, yenye herufi D, ni adimu, ilhali ile ya 1944 ya Denver ni ya kawaida. Mtu akiikwangua 4 ya kwanza katika 1944 hata ikafanana na 1, hupata mwaka anaoutaka. Lakini msanii aliyeichora sarafu hiyo, Victor David Brenner, aliwekewa herufi za mwanzo za jina lake, VDB, chini ya bega la Lincoln kuanzia mwaka 1918. Sarafu ya 1914 yenye herufi hizo begani inajisuta yenyewe, mbali na nafasi pana mno inayobaki kati ya 9 na 1. Wasomaji watakumbuka jinsi Lorenzo Valla, mwaka 1440, alivyoifichua hati iliyodaiwa kuwa ya Mfalme Konstantino kwa kuonyesha kwamba ilitumia maneno ambayo hayakufaa zama zake. Njia ni ile ile: jambo la baadaye limejipenyeza katika maandishi yanayodai kuwa ya kale.

Hila ya tatu huiga kosa lenyewe. Mwaka 1937, huko Denver, fundi aliung'arisha kupita kiasi muhuri wa sarafu ya senti 5 yenye mnyama aina ya nyati, mguu mmoja wa mbele ukafutika. Sarafu za nyati wa miguu mitatu zikawa na bei, na watu wakaanza kuchukua nyati mzima na kumkata mguu kwa tupa. Lakini sarafu za kweli zina vitone vidogo vilivyoinuka, vinavyoshuka kutoka tumboni mwa nyati kuelekea ardhini. Mwenye tupa aweza kuondoa madini. Kuyainua mapya ni kazi nyingine. Alipoukata mguu ameacha shimo au mkwaruzo, nayo kanuni yetu ya kwanza humhukumu.

Ndipo tunapoifikia senti ya mzee wangu. Mwaka 1943 shaba ilihitajika kwa risasi na zana za vita. Kwa ajili hiyo senti za mwaka huo zilifuliwa kwa chuma kilichopakwa zinki, zaidi ya bilioni moja katika viwanda vitatu. Hata hivyo, visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilibaki katika vyombo vya kiwandani, vikaingia mashine pamoja na vya chuma. Senti za shaba za 1943 zinazojulikana ni kama 20 tu. Huu ndio ukweli uliouzaa uongo mwingi: thamani ya hizo chache imewafanya watu kuzivisha shaba senti za chuma, au kuikwangua 8 ya mwaka 1948 iwe 3.

Vipimo vyake ni rahisi. Sumaku huivuta senti ya chuma hata ikivishwa shaba. Mizani nayo hutoa ushahidi: ya shaba ina uzito wa gramu 3.11, ya chuma gramu 2.7 hivi. Iliyotokana na 1948 hushinda vipimo hivyo viwili, lakini hushindwa katika umbo la tarakimu, kwa sababu 3 ya kweli ina mkia mrefu unaoshuka chini ya mstari wa tarakimu nyingine.

Nilitwaa sumaku ya spika ya redio iliyokufa, nikaiweka mezani mbele ya mzee. Kabla ya kuifikia, senti ilimponyoka vidoleni na kuirukia. Alinyamaza kwa muda. Kisha alisema: "Miaka thelathini nimefanya kazi ya shaba, mwanangu. Nikadanganywa kwa ganda lake." Sikuwa na neno la kumjibu.

Historia hii ya 1943 haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Ubelgiji ilikuwa imetekwa tangu Mei 1940, ilhali Kongo ilisimama upande wa nchi zilizopigana na Ujerumani, na shaba ya Katanga ikasafirishwa kwa ajili ya vita hivyo. Brussels haikuweza kuiletea koloni sarafu. Basi sarafu ya falanga 2 ya mwaka 1943, ya shaba ya njano, yenye pembe sita na picha ya tembo, ilifuliwa Philadelphia. Mwaka uliofuata kiwanda hicho hicho kiliifulia Ubelgiji yenyewe sarafu milioni 25 za falanga 2 kwa visahani vya chuma vilivyosalia katika kazi ya senti za 1943. Mjukuu anayeikuta sarafu ya tembo katika sanduku la babu yake ameshika, bila kujua, ndugu wa senti ile ya chuma.

6. Shahidi wa kweli anapokataliwa

Lingekuwa kosa kuishia kwenye tahadhari dhidi ya waongo. Kuna hatari ya pili, nayo ni kumkataa msema kweli. Senti za maradufu za 1969 tulizozitaja zilipoanza kuonekana, tayari waghushi walikuwa wametengeneza senti bandia za maradufu za mwaka huo huo. Maofisa wa serikali wanaopambana na fedha bandia walizikamata na zile za kweli, wakaziharibu baadhi yake, kabla ya kukiri kwamba zilitoka katika kiwanda cha serikali yenyewe. Alama ya S iliyobaki moja ingaliweza kuwaongoza, kama wangaliisoma.

Vivyo hivyo, mwaka 1947 kijana wa miaka 16 wa mji wa Pittsfield, Massachusetts, alipata senti ya shaba ya 1943 katika chenji aliyopewa kwenye mkahawa wa shule. Alipouliza serikalini, alijibiwa kwamba senti zote za mwaka huo zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki. Jibu hilo lilitoka katika kanuni, si katika sarafu, kwa kuwa hakuna aliyeitazama. Aliihifadhi kwa miaka zaidi ya 70. Baada ya kifo chake iliuzwa mnadani, Januari 2019, kwa dola 204,000, nazo fedha zikakusudiwa maktaba ya mji wake.

Kwa hiyo anayekubali kila kitu na anayekataa kila kitu wana ugonjwa mmoja: wote wawili hawakusoma. Mmoja aliamini maneno ya muuzaji, mwingine aliamini waraka wa ofisi.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mambo ya kuuliza ni machache. Alama hii imeinuka au imezama? Inapatikana katika sarafu nyingine za muhuri huo huo, au ni ya hii peke yake? Imegusa kile tu ambacho ingeweza kugusa kwa mpangilio wa kazi ya kiwanda? Je, kuna jambo la baadaye lililojipenyeza? Na madini yenyewe, kwa uzito na kwa sumaku, yanasemaje? Maswali haya hayahitaji maabara. Kioo cha kukuzia, mizani ndogo na sumaku vyatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Mjini kwetu sarafu zimekwisha kutoweka mifukoni. Tunatumia noti tu. Lakini kila siku tunawaona wabadilishaji fedha, tunaowaita makambisti, wakiinua dola kwenye mwanga, wakizipapasa kingo zake na kuzikataa zilizochanika. Wao ni wasomaji hodari wa andiko moja. Lililobaki kwetu sisi wa chuo ni kuwafundisha wanafunzi kuusoma ushahidi wowote kwa jicho hilo, uwe mswada wa utenzi, barua ya mkoloni, simulizi ya ukoo au cheti kilichopigwa muhuri.

Kosa la mnakili na kosa la muhuri ni mali ya historia. Hutuambia kitu kilivyotengenezwa na nani alikuwa kazini. Tusiwaonee haya wala tusiwasahihishe kwa haraka. Hila nayo ni ushahidi, ila ni ushahidi wa zama nyingine na wa tamaa nyingine.

Yule mzee hakuitupa senti yake. Alimpa mjukuu wake, pamoja na sumaku ile, akamwambia aende nayo shuleni.